Kiboko Aliyefukuzwa Kundini

Mjomba alikwenda kwa yule daktari wa Kijerumani kutafuta patasi, akarudi Pasua, mtaani kwetu Moshi, na ubao wa tanga. Ilikuwa mwaka 1999. Siku zile mgeni akimaliza mkataba wake Moshi alitandaza vitu vyake uani, majiko, vitanda, baiskeli za watoto, na watu wa mjini wakaenda kuchagua kwa bei ya kuelewana. Patasi zilikuwa zimekwisha. Kilichobaki kimeegemezwa ukutani, hakuna aliyekiuliza bei, ni ubao mweupe wenye urefu wa karibu mita nne, mlingoti, na tanga lililoviringishwa ndani ya mfuko. Mjomba alilitoa lile tanga, akalipapasa kwa vidole, akalipa bila kubishana sana. Mkokoteni ulioleta mzigo ulifuatwa na watoto kuanzia Mbuyuni hadi mlangoni kwetu.

Nieleze kwanza mjomba alikuwa nani, maana bila yeye nisingekuwa na cha kusimulia. Yeye na mama walizaliwa Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani, pale mto unapoingia baharini. Mama aliolewa na Mchagga wa Kibosho. Mjomba alimfuata miaka ya baadaye, kwa kuwa useremala ulikuwa na fedha zaidi huku bara. Alitengeneza vitanda na makabati, lakini ukimsikiliza akiwa kazini ungedhani yuko chomboni. Mbele ya kitu chochote aliita omo, nyuma tezi. Mimi likizo nyingi za shule nilizimalizia Bweni kwa bibi, na mjomba akiwepo aliniingiza kwenye ngalawa kabla sijajua vizuri kuandika jina langu. Kuogelea nilijifunza huko, kubisha upepo, yaani kukielekeza chombo kule upepo unakotoka, nilijifunza huko, na huko ndiko alikonifundisha viumbe wa kuogopa.

Hakuwa na hadithi za papa. Waliomshughulisha walikuwa wadogo na wanyamavu. Taa, kwa mfano, samaki bapa anayejifukia mchangani kwenye maji ya magoti, mkiani ana mwiba wenye sumu: alinifundisha kuburuza miguu ninapotembea badala ya kuinyanyua, ili taa asikie mtikisiko aondoke mwenyewe. Yuko samaki anayefanana na jiwe lenye ukoga, hajongei hata ukimkaribia, na miiba ya mgongoni mwake inapenya kandambili. Yuko konokono mwenye gamba zuri la madoadoa, ambaye watoto wanamtia mfukoni bila kujua kwamba ndani ana mshale wa sumu. Na yavuyavu, viumbe laini wanaoelea, ambao nyuzi zao huchoma hata zikiwa zimekatika zinaelea peke yake. Mtu akichomwa na taa au na yule samaki wa jiwe, mjomba aliagiza maji ya moto, moto wa kadiri ngozi inavyovumilia bila kuungua, na mguu ukae humo mpaka maumivu yapungue. Nilikuja kusoma nikiwa mtu mzima kwamba sumu hizo kweli huharibika kwa joto. Yeye alikuwa ameyapata kwa baba yake, na baba yake kwa mwingine.

Kanuni yake kuhusu wote hao ilikuwa moja. "Wa baharini hakufuati, mpwa wangu. Amekaa kwake. Wewe ndiye unayemkanyaga."

Sasa ubao. Tofauti na ngalawa, ubao wa tanga hauna usukani, wala hauna mirengu ya kuuzuia usipinduke. Mlingoti umeshikwa chini na kiungo cha mpira kinachouacha ulale upande wowote. Unasimama juu, unavuta kamba, tanga linatoka majini, unashika upinde wa alumini unaolizunguka, na kuanzia hapo mwili wako ndio unaobeba upepo. Ukiulaza mlingoti kuelekea omo, ubao unageuka kuupa upepo mgongo. Ukiuvuta kuelekea tezi, ubao unapandisha uso kwenye upepo. Ukiliachia tanga likaanguka, mwendo umekwisha, na kuanzia hapo unaelea tu, unakwenda upepo unakokupeleka. Hilo la mwisho mlishike, maana nitalirudia.

Chombo chenyewe si cha zamani. Mmarekani Newman Darby alichapisha maelezo ya ubao wenye tanga mwaka 1965. Mwaka 1968 wenzake wawili wa California, Hoyle Schweitzer na Jim Drake, wakaomba hataza ya ule wenye mlingoti unaozunguka juu ya kiungo, na kufikia 1984 ulikuwa mchezo wa Olimpiki, Los Angeles. Nilipomsimulia mjomba alikaa kimya akifikiri. Watu wa kwao walikuwa wakitia tanga kwenye gogo la mwembe tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewahi kufikiria kuutoa usukani na kusimama. "Lakini mtu yeyote wa Bweni," akasema, "umpe hiki asubuhi, jioni ataondoka nacho." Ndivyo ilivyokuwa kwake. Tulikiunga uani Pasua juu ya magunia ya pumba za mbao, akapanda, akalaza mlingoti huku na huku, akashuka akasema, "Usukani ni tanga lenyewe." Hakuna aliyemwambia.

Maji ya kukiteremshia ilikuwa shida nyingine. Ziwa Chala liko ndani ya kreta, kuta zimesimama pande zote, upepo unaingia humo ukizunguka bila mwelekeo. Likabaki Nyumba ya Mungu, kusini ya Moshi, bwawa lililojengwa miaka ya 1960 pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana na kuzaa mto Pangani. Uwanda ule umenyimwa mvua na Kilimanjaro na milima ya Upare. Ni nchi ya mibuyu, mkonge na vumbi, na kuanzia Juni upepo wa kusi unapita juu yake bila kizuizi, hasa baada ya adhuhuri. Maji yanayotoka kwenye ukuta wa bwawa yanazungusha mitambo ya megawati 8, halafu yanashuka Korogwe, Hale, mpaka Bweni. Hilo mjomba alilipenda kuliko yote. Kila tulipofika alinawa uso, akasema maji yale yatapita mlangoni kwa mama yake.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Jumamosi ya Agosti. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na jambo pekee lililonitoa kwenye wasiwasi ule lilikuwa ubao. Jirani alitupa pikapu yake tukaweka mafuta. Tuliacha lami wilayani Mwanga, tukafika majini upande wa Lang'ata kabla jua halijawa kali. Bwawa lilikuwa bado limejaa kutokana na mvua za El Niño za msimu wa 1997 na 1998, na kando ya maji kulikuwa na migunga iliyokufa kwa kuzama, vichwa vyake vikavu vimesimama nje ya maji. Kati ya miti ile kulikuwa na ghuba ndogo isiyo na visiki, ndiyo tuliyoizoea. Kaskazini yake matete mengi. Kusini, mwambao wa changarawe ambapo wavuvi walianika nyavu.

Mvuvi mmoja tuliyemfahamu alikuwa anashona wavu wake chini ya kibanda. Alikuwa na umri wa makamo, alihamia pale kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na jina lake sitalitaja kwa kuwa sikumwomba ruhusa.

"Shikamoo," nilimsalimia.

"Marahaba, binti. Mmekuja tena na bawa lenu." Kisha akamgeukia mjomba. "Mzee, leo sikilizeni. Kundi la viboko liko palepale kwenye matete. Lakini usiku kulikuwa na ugomvi. Dume mmoja amefukuzwa."

"Amekwenda wapi?"

"Hapo ndipo kazi. Aliyefukuzwa hana kwake. Anatafuta maji ya kumfika shingoni, popote."

Mjomba hakuwa mtu wa kupuuza neno la mwenyeji wa maji. Alimwuliza mambo mengi: kiboko anakaa chini kwa muda gani, anapanda vipi, akipanda anafanya sauti gani. Mvuvi akamweleza kwamba hata mkubwa hawezi kukaa chini zaidi ya dakika chache, tano hivi, lazima aje juu kupuliza pua, na kwamba siku ya upepo mawimbi yanaficha pua lakini hayafichi sauti. Tukakaa ufukoni tukitazama na kusikiliza mpaka chai ikachemka, ikanywewa na ikaisha. Hakuna kilichopuliza kwenye ghuba yetu. Mjomba akachukua kanga yangu, akaifunga kwenye fito. Akiielekeza kusini, niende kusini. Akiielekeza kaskazini, kaskazini. Akiilaza chini, niangushe tanga. Nikavaa jaketi la kuelea, nikasukuma ubao.

Natamani niweze kueleza saa ile ilivyokuwa. Upepo ulitoka kusi moja kwa moja, nao ufuko unatazama magharibi, kwa hiyo ulikuwa upepo wa ubavu, ule unaokupeleka na kukurudisha kwa njia moja bila kubisha. Nyuma yangu Upare, mkono wa kulia Kilimanjaro ikiwa imefunuka mpaka kileleni, na chini ya miguu yangu ubao unatetema. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hakuna mtu mwingine aliyekuwa juu ya tanga katika maji yale yote. Sidhani kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na nimepata furaha nyingi.

Nilikwenda mbali kiasi, nikazunguka mlingoti, nikageuza ubao kurudi. Sasa ufuko uko mbele, upepo mkono wa kulia, matete ya kundi mkono wa kushoto, chini ya upepo.

Kilichonishtua kwanza ni mlio. Mvuvi alikuwa ameshaingia mtumbwini, anapita karibu kabisa na ufuko, na alikuwa anagonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi. Mara tatu, kimya, mara tatu. Nilidhani anapeleka samaki kwenye wavu, wapo wanaofanya hivyo. Halafu nikaona kwamba hatazami wavu. Anatazama maji yaliyo kati yake na mimi.

Maji yakapasuka mita thelathini hivi mbele yangu, pale pale ghuba inapoanza. Masikio mawili, macho, pua zikipuliza. Masikio yakazunguka kusikiliza kafi. Kisha kichwa kizima kikageuka upande wangu na kinywa kikafunguka, kikaendelea kufunguka, mpaka nikaona waridi la ndani na chonge za chini. Kiboko akipiga miayo hana usingizi. Anakuonyesha alichonacho, na chonge za dume zinaweza kufika nusu mita.

Watu huniuliza kwa nini sikuangusha tanga nikakaa kimya. Ndiyo maana niliwaambia mlishike lile neno. Ubao usio na tanga unakwenda na upepo, na upepo ule ungenipeleka kaskazini taratibu mpaka kwenye matete, katikati ya majike na ndama. Kwenda mbele ni kumpanda. Kugeuka kurudi magharibi kulihitaji nisimame, nizunguke mlingoti, nianze upya, na wakati wote huo ningekuwa nimesimama mbele yake, kati yake na maji ya kina.

Nilitazama ufuko. Mjomba alikuwa ameshaanza kukimbia. Fito yenye kanga ilielekea kusini, na mkono wake wa pili aliuvuta mara mbili kifuani, ishara tuliyotumia kwenye ngalawa tangu utoto wangu: bisha.

Nikauvuta mlingoti kuelekea tezi. Ubao ukapandisha uso polepole, polepole mno, ukaanza kukata kwenda kusini mashariki. Kubisha kunakula mwendo. Pezi la katikati lilikuwa chini, nalo ndilo linalouzuia ubao usiteleze kwa ubavu, lakini ndilo pia litakalonasa kwenye kisiki nikikaribia migunga. Niliamua kuliacha. Nikakaza upinde karibu na mwili, nikakunja magoti, nikatazama mbele tu, kwa sababu mjomba alinifundisha kwamba chombo kinafuata macho.

Dume akazama. Hapo ndipo niliogopa kweli. Mpaka wakati ule nilikuwa na mahali pa kumweka. Sasa alikuwa kila mahali. Kiboko mzima, tani moja na nusu au zaidi, haelei kama ng'ombe. Anakanyaga chini, anajisukuma, anaruka hatua kwa hatua chini ya maji, na penye maji mafupi mwendo wake huo ni mkali. Mvuvi hakuacha kugonga. Mara tatu, kimya, mara tatu.

Niliona uvimbe. Juu ya mawimbi ya upepo, yaliyokuwa madogo na yenye kelele, palikuja mwinuko laini usio na povu, unakwenda kinyume cha mawimbi mengine yote. Ulitoka ghubani ukielekea mahali nilipokuwa muda mfupi uliopita. Wakati huohuo upepo ukakatika. Tanga likalegea, na mimi niliyekuwa nimeliegemea nikawa naanguka chali. Nilichuchumaa kwa nguvu zote nikiwa nimeshika upinde, matako yakagusa maji, na nikabaki hivyo, nikinong'ona Salamu Maria niliyofundishwa na bibi wa Kibosho pamoja na maneno ya bibi wa Bweni, yote mawili kwa mchanganyiko. Uvimbe ukapita nyuma ya tezi. Ubao ulipanda, ukashuka. Upepo ukarudi.

Alipoibuka tena alikuwa mbali nyuma yangu, upande wa kina, akipuliza, mgongo wake umenielekea. Akazama, akaibuka mbali zaidi. Hakutazama nyuma.

Mimi niligonga kisiki mbele ya mwambao wa nyavu, pezi likavunjika, nikaruka ndani ya maji ya magoti na kukimbia kutoka. Mjomba alifika bila viatu, nyayo zake zimechanwa na miiba ya migunga. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akasema "Alhamdulillahi," akarudia, akarudia tena. Halafu akakaa chini ghafla kwenye changarawe.

Mvuvi alivuta mtumbwi nchi kavu bila haraka. Alitukaribisha kibandani, mkewe akasonga ugali, perege wakabanikwa. Mazungumzo ya pale nayakumbuka vizuri kuliko hata hofu yenyewe.

Mjomba alitaka kuelewa. Aliuliza kwa nini dume hakunirudia, ilhali alikuwa na uwezo. Mvuvi akachora ghuba mchangani kwa kijiti.

"Kiboko akishtuka anatafuta kina, mzee. Huyu alilala kwenye kichaka pale nchi kavu tangu alfajiri, jua lilipomchoma akaingia majini, mimi nikamwona kwa vishindo. Kina kiko huku. Binti yuko huku. Kwa hiyo binti alikuwa mlango wake. Ungemwambia asimame, angemziba. Ulipomtoa, mlango ukafunguka."

"Na kugonga?"

"Nilitaka ajue niko wapi, na mimi nijue yuko wapi. Ukigonga anapanda kutazama. Kiboko wa kuogopa ni yule ambaye hajui kwamba upo, akaja kukujua ukiwa juu ya mgongo wake." Ndiyo sababu, alieleza, wao hupiga makafi kando kando, kwenye maji mafupi, wakiyaacha ya kina kwa viboko. Mgeni hufanya kinyume: anaogopa matete, anakwenda katikati, na viboko wakikimbilia katikati wanamkuta.

Mjomba alisikiliza kama mwanafunzi. Kisha naye akamweleza ya kwao: taa, kuburuza miguu, maji ya moto, samaki wa jiwe. Mvuvi alistaajabu sana kwamba mtu anaweza kufa kwa kuokota konokono. Akauliza mara mbili konokono huyo ana rangi gani. Walikuwa watu wawili waliokula kwa maji maisha yao yote, mmoja ya chumvi, mwingine ya mto, na maji yenyewe ni yaleyale, mmoja anayaona yakianza safari na mwingine yakiimaliza. Nilikaa katikati yao na sahani yangu sikufungua mdomo.

"Huko kwenu basi ni salama," mvuvi akasema. "Anayekaa kwake, asiyekufuata."

"Salama kwa anayejua," mjomba akajibu. "Huku mnaishi vipi na anayekufuata?"

Mvuvi akavuta suruali mpaka juu ya goti. Kovu lilizunguka paja, jeupe, nyama imeingia ndani. Mtumbwi wake ulipinduliwa usiku akiwa anategua nyavu, kiboko alimshika mara moja akamwachia. Wavuvi wanaingia majini usiku kwa kuwa samaki ni wa usiku, na usiku ndio viboko wanapopanda kula majani, wakikatiza njia zilezile. Lakini kiboko, alisema, si anayewasumbua zaidi pale kijijini. Ni mamba. Kiboko ana kelele, ana hasira, ana mahali pake. Mamba anajifunza saa ya kuchota maji. Mke wake, aliyekuwa anaosha sufuria, akasema bila kugeuka kwamba jirani yao alichukuliwa akiwa na ndoo, mchana, wenzake wakiwa pembeni yake. Baada ya hapo walizungushia miiba sehemu ya kuchotea, na bado wanatupa mawe majini kwanza kabla ya kuinama. "Unainama ukiwa unatazama maji," akasema, "wala hutazami ndoo."

Jambo hilo halijanitoka mpaka leo. Mimi nilikuja pale kucheza, na nilikuwa na jaketi, na mjomba mwenye kanga, na pikapu ya kunirudisha Moshi kwenye bomba la uani. Yule mama aliinama kila asubuhi penye maji yaleyale, na umeme unaotoka kwenye maji hayo haukufika kibandani kwake. Nimefanya kazi ya miradi ya maji vijijini kwa muda mrefu sasa, na watu wakiniuliza ilianzia wapi, huwa nafikiria mgongo wake akiwa ameinamia sufuria, wala simfikirii kiboko.

Mama hatukumficha. Mjomba alimsimulia jioni ileile, mbele yangu, kila kitu mpaka kile kisiki, akijua atafokewa, na alifokewa. Pezi alichonga jipya la mninga, zito kidogo kuliko la kiwandani, akalitia vanishi yake ya makabati.

Kabla hatujaondoka pale bwawani, mvuvi aliomba apande ubao pale changarawe, palipokuwa na maji ya magoti na upepo umepungua. Mjomba alimshikia tezi. Alilivuta tanga, likampiga usoni, akalivuta tena. Mara ya tatu akasimama, akaenda urefu wa mitumbwi mitatu hivi, akaanguka, akatoka akicheka, maji yakimtiririka ndevuni. Akamwuliza mjomba tutarudi lini. Mjomba akamwambia Jumamosi ijayo, upepo ukiwa wa namna hii, ila ubao tutauteremshia huku kwake kwenye nyavu, na tutakaa kibandani mpaka yeye aseme tuingie.